Shangazi, namba za refarensi zimenivuruga mpaka kina mama 178 wamekuwa 199

Shangazi shikamoo,

Samahani nitaandika kirefu manake sina mwengine wa kumwambia, mume wangu kashachoka kuskia neno refarensi na wenzangu wa darasani kila mmoja ana moto wake. Mimi ni nesi, nakaa Kisauni, kazi yangu iko mjini na jioni nasomea digirii. Projekti yangu ni ya malaria kwa kina mama wajawazito, nimepitia mafaili ya kina mama 178 waliokuja kliniki na homa, yaani joto la 37.5 kwenda juu. Kazi yenyewe naipenda na nimeifanya kwa moyo, mafaili mengine nimeyasoma na torchi ya simu stima zimepotea. Shida yangu ni namba za refarensi, zile za kuonyesha kila jambo nimelitoa kwa makala gani.

Mara ya kwanza kupeleka kwa supavaiza nilipanga orodha ya mwisho kwa alfabeti, A mpaka Z, vile tulivyofunzwa diploma, halafu nikazipa namba. Kwa hivo aya ya kwanza kabisa ya projekti ilianza na namba 31, ikafuata 8, ikafuata 40. Akanirudishia, kaandika juu kwa kalamu nyekundu "Vancouver, sio hivi" basi, hakuna maelezo. Nikapanga upya. Mara ya pili akanirudishia tena, ati namba 12 na namba 26 ni makala moja. Kweli ilikuwa moja, mie niliitumia ukurasa wa 5 na nikaitumia tena ukurasa wa 14, nikaona ni sawa kuipa namba nyengine.

Mara ya tatu ndio balaa. Aliniambia niongeze aya moja kuhusu vyandarua hapo mwanzoni, baada ya refarensi ya 6. Sa hiyo mpya inakuwa 7, na ile 7 ya zamani iwe 8, 8 iwe 9, mpaka mwisho, na ziko 43. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikaona njia ya haraka ni ile ya kwenye Word ya kutafuta kitu na kukibadilisha chote mara moja. Nikaiambia kila 7 iwe 8. Halafu kila 8 iwe 9. Nikasevu, laptopu ikaisha chaji, nikalala. Asubuhi kufungua naona hakuna 7 wala 8 mahali popote Shangazi, wagonjwa wangu 178 wamekuwa 199, na joto la homa limekuwa 39.5. Nililia.

Na kuna jengine, hili naona haya kulisema. Kuna refarensi 12 sikuzitafuta mwenyewe. Rafiki yangu alinambia niulize ile programu ya kuandika inayojibu maswali, nikaiuliza inipe makala za malaria kwa wajawazito Pwani, ikanipa 12 zimeandikwa vizuri kabisa kushinda hata zangu. Nyengine kama 9 nilizinakili kutoka orodha ya mwisho ya makala ya mtu, sikuzisoma, lakini yeye si kazisoma? Sasa supavaiza kazungushia moja duara, kaandika "niletee hii". Nimeitafuta juzi na jana siipati. Nikajaribu nyengine kati ya zile 12, tatu zote hazifunguki.

Kuna kijana wa saiba hapa mtaani kasema atanipangia zote kwa 3,500 nisijisumbue. Nimebakisha wiki mbili. Nimpe? Na hivi kweli koma na nukta ndio zitanizuia kupata digirii wakati kazi ya wagonjwa nimeifanya kwa haki?

Ni mie Nesi wa Kisauni.


Marahaba mwanangu, na pole.

Nimekaa maktaba miaka mingi, na vitu viwili ulivyosimulia nimeviona kwa watu wengi kuliko unavyodhani, ila hiyo ya 178 kuwa 199 imenishtua kwa sababu moja ambayo naona wewe bado hujaiona, kwa hivo tuanze hapo kabla ya koma na nukta.

Ukiiambia mashine kila 7 iwe 8 halafu kila 8 iwe 9, haikugusa refarensi peke yake. Imegusa kila tarakimu. Makala zako zote za 2017 na za 2018 saa hii zinasomeka 2019. Kurasa zimebadilika, namba za majarida zimebadilika, umri wa kina mama umebadilika, asilimia zako kwenye majedwali zimebadilika, na ile anwani ya makala inayoanza na 10, ile DOI, kama ndani yake mlikuwa na 7 au 8 basi imeshakuwa anwani ya nyumba nyengine au ya kiwanja kitupu. Hujiulizi mbona tatu hazikufunguka? Inawezekana moja wapo ni kwa sababu hii tu, umeiharibu mwenyewe kwa usingizi. Sisemi zote, zile 12 nitazirudia, lakini usimhukumu mtu kabla hujaangalia.

Kwa hivo hilo faili usilitengeneze. Usikae kurudisha tarakimu moja moja kwa kukumbuka, utasahau, na ukisahau kwenye jedwali la wagonjwa hiyo si kasoro ya refarensi tena, hiyo ni matokeo ya uongo. Ingia kwenye emaili yako, tafuta ile uliyomtumia supavaiza mara ya pili. Nakala nzima iko hapo, na 178 yake na 37.5 yake. Ishushe, iite jina jengine lenye tarehe, na kazi ianzie hapo. Ile aya ya vyandarua utainakili kutoka faili bovu uisome neno kwa neno. Word ina sehemu ya kulinganisha mafaili mawili ikakuonyesha kila palipotofautiana, itumie, utaona kwa macho yako vitu vingapi viligeuka usiku ule.

Sasa hizo namba zenyewe. Supavaiza kukuandikia "Vancouver, sio hivi" na kunyamaza hakukusaidia, acha nikueleze mie. Vancouver ni mji, Kanada. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya udaktari walikutana huko wakubaliane makala zinazotumwa kwao ziandikwe kwa mpango mmoja, manake kila jarida lilikuwa na lake na mwandishi akikataliwa hapa alikuwa anachapa upya kila kitu ndio apeleke pale. Mwongozo wao wa kwanza ukatoka 1979, kundi likakua likawa kamati ya kimataifa, na muundo wa refarensi ulitengenezwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ndio mpaka leo watu wa afya tunaita Vancouver. Wahandisi wana ya kwao yenye namba pia, IEEE, inafanana kwa mbali lakini uandishi wake ni mwengine, kwa hivo ukiwa na ndugu anasomea umeme usinakili yake.

Kanuni yenyewe wewe waijua tayari, unaifanya kila siku kazini. Mgonjwa akija mara ya kwanza pale dirishani anapewa namba ya faili kwa foleni aliyofika, hatuangalii jina lake laanza na A au Z. Akirudi baada ya miezi mitatu wamfungulia faili mpya? Humfungulii, watafuta ile ile. Ukimfungulia ya pili, ya kwanza ina aleji yake na ya pili haina, hapo ndipo mtu anapodhurika. Refarensi ni hivo hivo. Makala ya kwanza kutajwa ni 1, inayofuata ni 2, na ile 1 ukiitaja tena ukurasa wa 40 bado ni 1. Orodha ya mwisho inafuata foleni hiyo. Kwa hivo 12 na 26 ni mgonjwa mmoja uliyemfungulia mafaili mawili, supavaiza alikuwa na haki. Na majedwali usiyasahau, refarensi iliyo ndani ya jedwali inapata namba kulingana na pale jedwali lilipotajwa mara ya kwanza kwenye maandishi, sio pale lilipobandikwa.

Namba inakaa wapi? Inakaa pale pale ulipomaliza kusema jambo la yule mtu. Naona wanafunzi wengi wanaandika aya nzima yenye mambo sita halafu mwisho wanamwaga (4,5,9,11) kama chumvi. Msomaji atajuaje nani kasema nini? Kama sentensi moja ina mambo mawili kutoka kwa watu wawili, weka namba mbili sehemu mbili ndani ya sentensi hiyo hiyo. Ukitaja kadhaa kwa jambo moja unaweka 3,5-8, yaani 3, halafu 5 mpaka 8. Na hapo angalia vizuri, ndani ya hiyo 5-8 mna 6 na 7 hazionekani, ndio maana ile njia yako ya kubadilisha isingefaulu hata ungeanza nyuma kwenda mbele kama wanavyoshauri watu, 43 iwe 44 kwanza, halafu 42 iwe 43. Namba ya wagonjwa ingesalimika kama ungetafuta na mabano yake, lakini zile zilizojificha zingekukimbia. Kama chuo chenu kinataka mabano au namba ndogo ya juu, fuata kijitabu chao, muhimu isiwe leo hivi kesho vile.

Uandishi wa kila moja ntakuonyesha kwa makala ambayo kila mtu wa sayansi aijua, ya umbo la DNA. Inaandikwa hivi: Watson JD, Crick FHC. Molecular structure of nucleic acids: a structure for deoxyribose nucleic acid. Nature. 1953;171(4356):737-8. Itazame taratibu. Jina la ukoo kwanza, halafu herufi za mwanzo za majina mengine zimegandana, hakuna nukta wala nafasi katikati. Kichwa cha makala hakina herufi kubwa isipokuwa ya mwanzo na za majina. Halafu jarida, halafu mwaka, nukta mkato, 171 ni juzuu, 4356 ndani ya mabano ni toleo, nukta mbili, kurasa 737 mpaka 738 lakini ile 73 hairudiwi. Baina ya 1953 na 171 hamna nafasi. Waandishi wakizidi sita wengi huandika sita wa kwanza kisha et al., yaani na wengineo. Majina ya majarida hufupishwa, na ufupisho haubuniwi, unatafutwa kwenye katalogi ya hiyo maktaba ya Marekani, kwa mfano jarida la madaktari wa Afrika Mashariki ni East Afr Med J. Na nikwambie kitu nnachokipenda kuhusu makala hiyo ya DNA, ni kurasa mbili tu lakini ina refarensi 6 zenye namba. Watu walioleta jambo kubwa namna ile walisimama kwanza wakaonyesha wamesimama juu ya kazi ya nani.

Majina ya kwetu yatakusumbua kidogo. Wazungu wana jina la ukoo, sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu. Ukikuta Ali Mohamed Said, utaandika Said AM, japo pale mtaani yeye ni Ali na Said ni babu yake marehemu. Lakini wako wanaojiandika kinyume, na wenye Bin au Abu katikati, kwa hivo usikisie, ifungue makala yenyewe uone wao wameandika vipi pale wanapoeleza namna ya kuinukuu, au iangalie PubMed, ile katalogi ya mtandaoni ya makala za tiba, jina limekaa vipi, ufuate hivo. Ripoti ya wizara au ya Shirika la Afya Duniani mwandishi wake ni hilo shirika lenyewe. Ya mtandaoni unaweka na tarehe uliyoisoma, manake kesho ukurasa huweza kubadilika.

Haya, sasa tuje kwenye lile unaloliona haya, na umefanya vizuri kulisema.

Umeniuliza "yeye si kazisoma?" kuhusu zile 9 ulizozinakili. Mwanangu, wewe ni nesi. Umeingia zamu saa mbili usiku, mwenzako anakwambia fulani nshampa sindano yake, wewe wachukua kalamu watia sahihi yako kwenye chati kwamba umempa wewe? Hutii. Hata kama mwenzako ni mkweli, hutii, kwa sababu sahihi ni ya aliyetoa. Namba ya refarensi ni hiyo sahihi. Yasema mimi nimeifungua makala hii, nikaisoma, na nimeona imeandikwa haya. Na usidhani ni adabu tu. Mtu wa kwanza huandika "kina mama wa mimba ya kwanza, eneo lenye malaria nyingi", wa pili akafupisha "kina mama wajawazito", wa tatu aliyenakili kwa wa pili akaandika "wanawake", na mpaka ifike kwako sentensi haifanani na ilikotoka hata kidogo. Halafu mtu anapanga dawa ya kliniki kwa sentensi hiyo.

Kwa hivo zile 9, zifungue moja moja. Ukiipata na inasema kweli unachosema, ibaki. Ukiipata inasema jengine, rekebisha sentensi yako. Usipoipata kabisa, basi nukuu ile uliyosoma, na kwenye maandishi useme wazi kwamba fulani, kama alivyotajwa na fulani, namba iwe ya yule wa pili. Si aibu, ila ukiona ziko nyingi namna hiyo ujue hujasoma vya kutosha.

Na zile 12 za programu. Hiyo mashine haikwenda maktaba. Inapanga maneno yanayofanana na refarensi, ndio maana umeona zimeandikwa vizuri kushinda zako. Mara nyingi jina la mtafiti ni la kweli, jarida ni la kweli, na makala haipo duniani. Pengine ipo lakini inasema kinyume. Kila moja itafute kwa kichwa chake, sio kwa DOI kwa sababu hiyo tushajua imeguswa na zile 7 na 8, kichwa hakina tarakimu nyingi za kuharibika. Weka kichwa kizima PubMed. Isipotokea, rudi kwenye nakala ya zamani uchukue DOI nzima, ibandike baada ya doi.org na mkwaju, uone yakupeleka wapi. Ikikataa huko kote, futa. Usiibakishe kwa sababu sentensi yako inapendeza nayo. Na sentensi iliyobaki bila mtu, ama umtafutie mtu wa kweli aliyesema hivo, ama na yenyewe iende.

Utazipata wapi za kweli? Hapo Kilifi tu kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989, malaria ndio moja ya kazi zao kubwa, na makala zao nyingi ziko wazi kwa PubMed Central, mtu anasoma nzima bila kulipa. Yaani watoto na kina mama wa Pwani hii wameandikwa, na wewe umekwenda kuiuliza mashine ikubunie. Zilizofungwa kwa pesa, nenda maktaba ya chuo uulize kama wamesajiliwa HINARI, mpango uliofunguliwa 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, kwa ajili ya nchi kama zetu. Uliza pale kwenye kaunta, usione haya, watu wa maktaba tunafurahi mtu akiuliza. Na ukikosa kote muandikie mtafiti mwenyewe, emaili yake iko ukurasa wa kwanza wa makala au kwenye muhtasari wake, wengi hutuma.

Kijana wa saiba usimpe. Sina ubaya nae, kazi yake ni halali na koma atazipanga, lakini hajui wewe ulisoma nini. Hiyo 3,500 nunua bando. Weka Zotero kwenye laptopu, ni programu ya kupanga refarensi, ya bure, ilitoka 2006 chuo cha George Mason kule Marekani, inashikana na Word. Kila makala unaiingiza mara moja, ukifika mahali wabonyeza kuiweka, na namba zinajipanga zenyewe. Ukiongeza aya ya vyandarua hapo juu, zote za chini zinasogea bila wewe kugusa kitu. Chagua mtindo wa Vancouver kwenye orodha yake. Ila usiiamini kwa macho yaliyofungwa, yenyewe hubeba takataka za tovuti ilikotoa, utakuta kichwa chote kwa herufi kubwa au mwandishi wa pili hayupo, kwa hivo kila unapoingiza moja, ikague saa hiyo hiyo na karatasi yenyewe mbele yako.

Na kama laptopu ni nzito haiwezi, iko njia yetu ya zamani na haijawahi kuniangusha: ukiwa bado unaandika, usiweke namba kabisa. Weka jina na mwaka ndani ya mabano ya mraba, uzipake rangi ya manjano. Namba ni kazi ya siku ya mwisho, mtu na kalamu, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ukikutana na jina jipya unalipa namba, ukikutana nalo tena unalipa ile ile. Makala 40 na kitu ni kazi ya jioni moja.

Umeuliza kama koma zitakunyima digirii wakati wagonjwa umewafanyia haki. Koma peke yake sidhani. Lakini supavaiza hakuzungushia koma duara, kazungushia makala ambayo ameitafuta asiione, na akishaona moja haipo ataanza kujiuliza na zile 178 zilitoka wapi. Kazi yako ya usiku na torchi ya simu itatiliwa shaka kwa sababu ya mstari mmoja ambao hukuuandika wewe. Hicho ndicho kinachoniuma mimi nikisoma barua yako.

Kwa hivo usingoje akuite. Jumatatu nenda kwake mwenyewe kabla ya wanafunzi kujaa, umwambie kwa heshima, Mwalimu hii uliyozungushia siipati, niliitoa kwa programu na sikuisoma, nimeiondoa na zengine za aina hiyo nazikagua zote, naomba siku kadhaa. Usimtaje rafiki yako, usimtaje usingizi. Atakasirika kidogo, mwache akasirike, usijitetee. Mpe na orodha ya ulizozikagua tayari hata kama ni tano, aone kazi imeanza. Na umwambie pia kuhusu faili la 199, asije akawa analisoma hilo.

Leo usiku usiguse refarensi hata moja. Fungua emaili, shusha ile nakala ya pili, tafuta 178, tafuta 37.5, hakikisha zipo kila mahali zinapotakiwa kuwa, sevu, jitumie mwenyewe kwa emaili nakala moja. Halafu ulale, wajua zamu ya asubuhi na daraja la Nyali lilivyo saa moja.